Mbwa mkubwa, mlango dhaifu: Mambo ya kukagua kabla hujamalizana na fundi wa banda

Kwenye mageti mengi ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa kuna kibao kinachofanana: "Mbwa mkali." Kibao hicho kinamwonya mwizi. Hakimlindi dada anayepeleka chakula bandani, mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake uani, wala mama wa mboga aliyezoea kugonga geti kila asubuhi.

Kinachowalinda hao ni mlango wa banda. Bahati mbaya, mara nyingi mlango ndiyo kitu kinachofikiriwa mwisho. Pesa imeishia kwenye matofali na paa, fundi anaokoteza mbao zilizobaki, anagongelea wavu, anaweka komeo dogo, kazi imeisha.

Kwa mbwa mdogo unaweza kuponea hapo. Kwa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel anayefungiwa mchana na kufunguliwa usiku kulinda, ni suala la muda tu.

Wengi wakishaona mlango umeachia, wanakimbilia kutengeneza mwingine mzito zaidi. Lakini uzito si uimara. Milango ya mabanda huachia kwenye sehemu tatu: komeo, bawaba na kona ya chini. Sehemu hizo zikikaa vizuri, mlango wa kawaida unadumu miaka. Zikikaa vibaya, hata chuma kinene hakisaidii.

Haya ndiyo ya kuangalia.

Kwa nini si jambo dogo

Mbwa mkubwa akitoka wakati hakutarajiwa, hatari ya kwanza ni majeraha. Hatari ya pili ni kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyechanjwa anapunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini hata yeye akitoka ovyo anaweza kukutana na mbwa wa mtaani asiyejulikana hali yake. Kwa hiyo chanjo na mlango vinakwenda pamoja.

Kuna pia upande wa sheria. Mbwa akimjeruhi mtu, mwenye mbwa anaweza kujikuta polisi au anadaiwa fidia, na kusema "alivunja mlango" hakumalizi kesi.

Mpime mbwa, usimpime kwa macho

German Shepherd dume hufika sentimita 60 hadi 65 kutoka ardhini mpaka mabegani, na kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume ni sentimita 61 hadi 68, kilo 50 hivi. Boerboel, ambaye asili yake ni Afrika Kusini, anaweza kupita kilo 60.

Hapo bado hajasimama kwa miguu miwili. Akisimama, miguu yake ya mbele inafika usawa wa kifua cha mtu mzima, na wengine wanapita hapo. Maana yake komeo lililowekwa usawa wa kiuno liko mikononi mwake kabisa.

Kama bado ni mtoto, usijenge kwa kipimo cha leo. Mbwa wa aina kubwa huendelea kukua na kujaza mwili mpaka mwaka mmoja na nusu, wengine zaidi. Mlango unaoonekana mkubwa kupita kiasi kwa mbwa wa miezi minne ndio utakaomfaa mwakani.

Kumbuka pia kwamba mlango huo si wa mbwa peke yake. Kuna mtu atakayeingia kufagia na kuosha. Upana wa sentimita 80 hadi 90 na urefu wa sentimita 180 unamwezesha kuingia na kutoka bila kuinama. Mtu aliyeinama mbele ya mbwa mkubwa, tena mwenye ndoo mkononi, hayuko mahali pazuri.

Mlango ufunguke kwenda wapi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na mafundi wengi hawalizungumzii.

Mlango ukifunguka kwenda nje, kila mbwa anapousukuma, nguvu yote inakwenda kwenye komeo. Leo atasukuma mara 20, kesho mara 20. Komeo linapinda kidogo kidogo, skrubu zinalegea, mwisho linaachia.

Mlango ukifunguka kwenda ndani, mambo yanageuka. Mbwa akisukuma, anaubana mlango kwenye fremu yenyewe. Nguvu inaishia ukutani, komeo linabaki na kazi ya kushikilia tu.

Faida nyingine ni kwa anayeingia. Ukifungua mlango wa ndani nusu na mbwa akaja kwa kasi, kwa kusukuma kwake anaufunga. Mlango wa nje akiusukuma, anatoka.

Tahadhari: mlango wa ndani unahitaji banda lenye nafasi. Kama banda ni finyu kiasi kwamba mbwa akilala mlango haufunguki, una mambo mawili ya kuchagua: kuongeza banda, au kuweka mlango wa nje wenye makomeo mawili, moja juu na moja chini. Kuongeza banda ni bora zaidi, kwa sababu banda la namna hiyo ni dogo hata kwa mbwa mwenyewe.

Chuma, mbao au wavu?

*Wavu wa kuku.* Usahau. Ulitengenezwa kuzuia kuku wasitoke. Mbwa mkubwa anaupasua kwa meno, na ncha za waya zinamkata mdomo na miguu.

*Wavu wa fensi.* Ni mgumu kidogo, lakini unavutika. Mbwa akiuegemea kila siku unatengeneza tumbo, kisha anapata nafasi pembeni. Pia baadhi ya mbwa huupanda kama ngazi.

*Mbao.* Mbao ngumu inapendeza na haipati joto kama chuma. Tatizo ni kutafuna na mchwa. Ukitaka mbao, zungushia kingo zote kwa chuma bapa, maana mbwa huanza kutafuna kwenye ukingo. Plaiwudi nyembamba haifai hata kidogo. Ikipigwa maji ya kuosha banda kwa miezi michache, inaachia tabaka kwa tabaka.

*Chuma.* Kwa mbwa mkubwa hili ndilo chaguo la wengi, na kwa sababu nzuri. Fremu ya skwea paipu ya milimita 40, yenye unene usiopungua milimita 1.5, inatosha. Katikati zisimame nondo, zisilazwe. Nondo zilizolala ni ngazi.

Omba nondo laini za mviringo badala ya zile zenye mikunjo za kujengea. Mbwa anayetafuna chuma anamaliza meno yake, na mikunjo ile inaharakisha. Madaktari wa mifugo wanaijua alama hiyo: meno ya chonge yaliyolika upande wa nyuma.

Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 5. Ikizidi hapo, mbwa anaweza kuingiza taya na kukwama, na akianza kujivuta kwa hofu anaweza kujiumiza vibaya.

Hesabu ya haraka: mlango wa sentimita 90 kwa 180 wenye fremu ya aina hiyo na nondo 13 za milimita 12 unafika karibu kilo 30. Ndiyo maana kipengele kinachofuata hakina mjadala.

Bawaba tatu, moja igeuzwe

Mlango wa kilo 30 usiwekewe bawaba mbili. Weka tatu, na za chini zibebe uzito sawasawa na za juu. Bawaba ndogo za kabati zenye skrubu fupi hazina nafasi hapa.

Mafundi wengi wa kuchomelea hutumia bawaba za vipande viwili, kimoja kinakaa juu ya kingine kama kifuniko. Ni imara, ila zina siri moja. Zikiwekwa zote zikielekea juu, mlango unaweza kunyanyuliwa na kuchomoka. Mbwa mkubwa akiingiza pua chini ya mlango na kuinua, anaweza kuung'oa bila kuvunja kitu. Mwizi naye anaweza.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu chochote: bawaba moja igeuzwe, ielekee chini. Mlango hautanyanyuka tena. Mwambie fundi kabla hajachomelea, kwa sababu baadaye itabidi akate.

Angalia pia namna fremu ilivyoshikana na ukuta. Fremu iwe na vishikizo vya chuma vinavyoingia ndani ya tofali na kuzibwa kwa zege. Ikishajengewa, usimrudishe mbwa siku hiyohiyo. Zege linahitaji siku kadhaa kukaza, na likitikiswa likiwa bichi halishiki tena.

Komeo: wapi, na la aina gani

Mbwa hujifunza. Akiona kila siku mkono unanyanyua kitu fulani kisha mlango unafunguka, baadhi yao watajaribu kwa pua au kwa mguu. Makomeo ya kunyanyua yanayojiangukia yenyewe ndiyo rahisi zaidi kwao.

Komeo la kusukuma lenye chuma cha milimita 12 au zaidi ni salama zaidi, hasa likiwa na sehemu ya kupitisha kufuli. Nyuma yake pachomelewe kipande cha bati nene ili mguu wala ulimi usifike.

Weka mawili. La juu liwe karibu na kichwa cha mtu mzima, la chini liwe karibu na ardhi. La chini ndilo linalosahaulika, kumbe ndilo linalozuia kona isifunguke.

Kuhusu kufuli: mchana, kipini au ndoano yenye kifungo inatosha kuzuia komeo lisirudi. Ukifunga kwa kufuli, hakikisha kila mtu mzima wa nyumbani anajua ufunguo ulipo. Moto ukitokea au maji yakijaa, mbwa hawezi kusubiri baba arudi kazini.

Kona ya chini na kizingiti

Mbwa anayetaka kutoka hasukumi katikati ya mlango. Anakwenda chini, kwenye kona iliyo mbali na bawaba, anaingiza pua, anaingiza mguu, anavuta. Mlango usio na kipande cha kukazia unapinda hapo kwanza.

Mambo matatu yanamzuia:

- Chuma cha mshazari kinachotoka kona ya chini ya upande wa bawaba hadi kona ya juu ya upande wa pili, kukaza fremu isilegee.
- Komeo la chini, lililotajwa hapo juu.
- Kizingiti cha zege chini ya mlango, ili asichimbe. Udongo mtupu mbele ya mlango ni mwaliko.

Acha upenyo mdogo wa maji kutoka wakati wa kuosha, lakini usifike sentimita 5. Upenyo mkubwa ndio unaompa pa kuanzia.

Mlinde anayepeleka chakula

Kwenye nyumba nyingi anayefungua banda si mwenye mbwa. Ni dada wa kazi, kijana wa bustani au mtoto mkubwa wa nyumbani. Mlango mzuri unampunguzia mtu huyo idadi ya mara anazolazimika kuufungua.

Kidirisha cha chakula usawa wa chini, cha kutosha bakuli tu na chenye komeo lake, kinamaliza sehemu kubwa ya kazi. Chakula na maji vinaingia, mlango mkuu haujaguswa.

Kama bajeti inaruhusu, banda ligawanywe vyumba viwili vyenye kimlango cha kupandishwa kwa kamba kutoka nje. Mbwa anahamishiwa upande mmoja, kimlango kinashushwa, upande wa pili unaoshwa bila mtu kukutana naye. Kamba iwe na mahali pa kufungwa vizuri, kwa sababu kimlango cha chuma kikidondoka mgongoni kinaweza kumvunja mbwa.

Vipi kuhusu vile vimlango vya kusukuma?

Mtandaoni vinauzwa vimlango vyenye pazia la plastiki au mpira, mbwa anasukuma kwa kichwa na kupita mwenyewe. Ulaya na Marekani vinawekwa kwenye mlango wa jikoni ili mbwa aende uani bila kufunguliwa.

Kwa mbwa mkubwa, pima vitu viwili: upana wa sehemu yake pana zaidi, kifuani au nyongani, na urefu kutoka ardhini hadi mabegani. Ongeza sentimita 5 kwenye upana. Ukingo wa juu wa tundu upite mabega kwa sentimita 5 ili asikwangue mgongo.

Pazia jembamba la plastiki halidumu kwa mbwa wa kilo 40. Linajikunja kwa jua na linachanika kwenye pembe. Chagua fremu ya alumini, si ya plastiki, na pazia nene au paneli ngumu yenye bawaba.

Sasa swali la Kibongo: je, uweke kwenye mlango wa nyumba? Fikiri mara mbili. Tundu linalompitisha Rottweiler linampitisha pia mtu mwembamba. Kama lazima, liwe na kifuniko cha chuma cha kufunga kwa ndani, na lielekee ua uliozungushiwa ukuta.

Mahali panapofaa zaidi ni ndani ya banda lenyewe, kati ya chumba cha kulala na sehemu ya wazi. Pale kipande cha mpira mnene, hata ule wa kukinga tope kwenye lori, kinazuia mvua na upepo, na kikichakaa unabadilisha kwa gharama ndogo.

Joto, kutu na rangi

Kuna wanaofunika mlango wote kwa bati ili mbwa asione nje na asibweke. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, hilo ni tanuri. Mbwa hapoi kwa kutoa jasho mwilini kama binadamu, anategemea zaidi kuhema. Akikosa hewa anaweza kufa kwa joto.

Njia ya kati ni kufunika mita moja ya chini, upande wa nje wa nondo, na kuacha juu wazi. Hivyo mtoto mdogo hawezi kuingiza mkono, na hewa inapita. Ukuta wa nyuma uwe na matundu ya kupitisha upepo. Kingo za bati zikunjwe, zisiachwe kali.

Ukinunua bati, kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Muuzaji akikwambia "hili ni kubwa zaidi" akionesha 30, muulize tena.

Kwa walio karibu na bahari, kama Kigamboni, Tanga, Zanzibar au Mombasa, chumvi inamaliza chuma haraka. Piga rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida, na anza na maungio ya kuchomelea, ndiko kutu inakoanzia. Mkojo wa mbwa nao unaharakisha kutu, kwa hiyo sehemu ya chini ioshwe mara kwa mara.

Kwa mbao, acha mtindo wa kupaka oili chafu kufukuza mchwa. Mbwa analamba na kutafuna mlango, na oili hiyo ina sumu. Rangi yoyote utakayotumia ikauke kabisa kabla hajarudishwa.

Mlango si dawa ya upweke

Kuna mbwa atakayeshambulia mlango wowote. Kabla ya kuongeza chuma, jiulize kwa nini anataka kutoka.

Sababu za kawaida zinajulikana: amefungiwa saa nyingi bila mazoezi, anaogopa radi au fataki za mwaka mpya, kuna jike jirani lililo kwenye joto, au yuko peke yake muda wote. Kutembezwa kila siku na kuhasiwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo kunaweza kupunguza vurugu kuliko nondo tano za ziada.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumfungia mnyama kwa namna inayomtesa si siri ya nyumbani tu.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kumalizia pesa ya fundi, na kabla mbwa hajaingia, fanya haya:

1. Funga mlango, kisha usukume kwa bega kutoka ndani. Usicheze.
2. Kanyaga na kusukuma kona ya chini iliyo mbali na bawaba. Ikifunguka hata upana wa vidole viwili, haijakaa.
3. Shika mlango kwa chini, unyanyue. Ukipanda, bawaba haijageuzwa.
4. Pitisha mkono kwenye nondo na kingo zote, polepole. Chochote kinachokukwangua wewe kitamkata mbwa.
5. Mwite anayepeleka chakula kila siku, afungue na kufunga mwenyewe kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na bakuli. Akishindwa, mlango huo siku moja utaachwa wazi.

Baada ya hapo, kagua skrubu, komeo na kutu mara moja kwa mwezi.

Na ikitokea mbwa amemng'ata mtu, awe wako au wa jirani, osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Kadi ya chanjo ya mbwa ibebwe, lakini isiwe sababu ya kuchelewa.